Nyota Yetu ni Kubwa Kuliko Jua la Tolbeck

Jumatatu, 14 Julai

Uvumi ni wa kweli. Nimekwenda mji jirani wa Tolbeck na kuona kwa macho yangu.

Lorne Tveit amechukua tangi kuukuu la mafuta, lile la mviringo kama mpira, akalipaka rangi ya njano, akalipandisha juu ya nguzo nne karibu na uwanja wao, na chini yake akabandika ubao: JUA KUBWA KULIKO YOTE DUNIANI. Upana wake mita nne. Nimelipima kwa hatua huku nikijifanya nimeangusha funguo.

Lorne akanikuta nimeinama. Akaniuliza kama nimekuja kuota jua. Nikamwambia natafuta funguo. Akashangaa, eti hakujua kwamba sisi wa Halvard tuna kitu cha kufungia. Wenzake wawili wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Natumaini rangi ilikuwa mbichi.

Ningemdharau, lakini kuna jambo zito. Ofisi ya barabara ya jimbo inataka kuweka kibao kimoja cha bluu kwenye barabara kuu, kuelekeza wasafiri kwenye kivutio. Kimoja tu, kwa sababu Halvard na Tolbeck tunatumia njia moja ya kuingilia. Mkaguzi anakuja Jumamosi ya tarehe 26. Mji wenye kivutio kikubwa zaidi unapata kibao. Mwingine unapata vumbi la magari.

Na sisi tuna nini? Sanamu ya saruji ya kindi wa ardhini, iliyokatika sikio moja tangu baridi ya mwaka juzi. Wageni huuliza kama ni kiazi.

Darlene Hovland, mwenye mkahawa wa pekee hapa mjini, ametangaza leo mbele ya wateja wote kwamba tukikosa kibao anafunga mlango mwezi Septemba na kuhamia kwa binti yake Kelowna, ng'ambo ya milima. Hilo halinihusu. Mimi, Walter Stadnyk, ni mgane wa miaka sitini na mitatu, msimamizi mstaafu wa ghala la nafaka ambalo nalo limebomolewa, na ninakula pale mara tatu kwa siku kwa sababu ya pai tu.

Lakini Kelowna ni mbali sana kufuata pai.

Jumanne, 15 Julai

Nimeokoka!

Mwezi uliopita niliokota kitabu cha nyota kwenye meza ya vitu vikuukuu kanisani. Leo nimekisoma mkahawani hadi ukurasa wa 61. Kuanzia hapo kurasa zimegandana, maana nilimwagia jamu. Si kitu. Mtu mwenye akili hupata anachokitaka katika kurasa sitini za kwanza.

Na nilichokipata ni hiki: jua si lolote! Nyota iitwayo Shira inalizidi jua kwa upana karibu mara mbili. Dabarani, mara arobaini na kitu. Halafu iko Ibuti la Jauza, ile nyekundu begani pa Jabari, kundi la nyota lenye umbo la mwindaji: karibu mara mia saba. Ingewekwa mahali pa jua letu ingeimeza dunia pamoja na Tolbeck. Kitabu kinasema wataalamu hawajakubaliana juu ya hesabu kamili. Mimi nimekubaliana nao wote na kuchukua mia saba.

Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya kufutia mdomo. Ikiwa jua ni lile tangi la Lorne la mita nne, basi Ibuti la Jauza kwa kipimo hicho hicho lina upana wa mita elfu mbili na mia nane. Halvard yote, kutoka makaburini hadi jalalani, ni mita elfu moja na mia moja.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Hatuhitaji kujenga chochote! Tuchore mpaka tu. Tayari tumo ndani ya nyota!

Nikamweleza Darlene. Akauliza mgeni akifika ataona nini. Nikamwambia hataona kitu, kwa kuwa atakuwa ndani. Akaifuta kaunta kwa muda mrefu, mahali palepale, kisha akasema, "Kwa hiyo Walter, kivutio chetu ni kutokuwepo kitu."

Nikamwambia hasa! Inatia moyo kuona mtu anaelewa upesi hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Mkutano wa mji, katika ukumbi wa mchezo wa kusukuma mawe kwenye barafu. Barafu hakuna, ni Julai, lakini ndipo penye viti.

Nilichukua punje ya njegere, nikaiweka katikati ya ukumbi. Nikawaambia hili ni jua, na nyota yetu ni kubwa kuliko ukumbi huu. Watu wakaangalia dari. Nikaona nimewagusa. Halafu mtu mmoja nyuma akauliza kama njegere hiyo inaliwa.

Metro Fedoruk, rafiki yangu, mkulima wa upande wa kaskazini, akauliza kama nyota itadhuru kanola yake, ile mimea ya mafuta yenye maua ya njano, maana ndiyo kwanza imechanua. Nikamhakikishia kwamba nyota hii haina uzito wala joto. Akasema basi hana neno, mradi isilete wadudu.

Kura: tisa wamekubali, mmoja amekataa. Aliyekataa ndiye aliyechonga yule kindi.

Nimeagiza vigingi mia mbili vyenye utepe mwekundu. Mlango wa mkahawa wa Darlene ndio kitovu cha nyota (kwa sababu za kisayansi). Nimempa Metro kazi ya kusimamia upigaji wa vigingi, na maelekezo ambayo hata mtoto asingeyakosea: azunguke mji mzima, mita elfu moja na mia nne kutoka mlango huo.

Ijumaa, 18 Julai

Vigingi vyote vimesimama kufikia saa tisa alasiri! Metro ni mtu wa kazi.

Nimeuzunguka mpaka wote kwa pikapu, dirisha wazi, kofia mkononi. Kanola njano kila upande, tepe nyekundu zinapepea, nami ndani ya nyota yangu. Safari nzima nilikata kona nne tu.

Sijawahi kuendesha kwa raha namna hiyo.

Jumapili, 20 Julai

Kona nne!

Janelle, mpwa wa Metro, anarusha ndege ya kunyunyizia dawa mashambani. Leo baada ya ibada amenisimamisha mlangoni pa kanisa, akaniamkia vizuri, akaulizia mgongo wangu. Halafu akasema, "Mzee Walter, nimepita juu ya nyota yako jana. Kwani nyota huwa za mraba?"

Nikamfuata Metro kwenye gari lake. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema amefanya nilivyomwambia: amepima zile mita kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, kisha akafuata barabara za mashamba, maana zinapita karibu na hapo hapo. Nikamwambia duara, Metro, duara! Akasema amezunguka, sasa ninataka azunguke vipi tena? Akaniuliza hivyo kwa moyo safi kabisa.

Ardhi hii yote ya Saskatchewan imekatwa miraba tangu babu zetu walipogawiwa. Barabara zote zimenyooka kama rula. Metro ana miaka hamsini na minane na hajawahi kupinda ila penye kona. Na hata kama angejua kupinda, hakuna mkulima atakayekanyaga kanola iliyochanua kwa ajili ya nyota.

Habari ilifika Tolbeck kabla ya chakula cha mchana. Saa nane nimekuta sahani mlangoni kwangu, imefunikwa vizuri kwa kitambaa. Yai la kukaanga, limekatwa mraba. Na kikaratasi: "Kwa jirani yangu mpendwa. Jua la Halvard."

Nimelila. Lilikuwa limekolea chumvi.

Jumanne, 22 Julai

Siku mbaya. Naandika hapa ili ukweli ujulikane baadaye.

Mpango wangu ulikuwa hauna dosari. Duara huchorwa kwa kamba: funga ncha moja katikati, shika nyingine, zunguka. Kila shamba hapa lina kamba ya kufungia marobota ya nyasi, maelfu ya mita. Nikachukua mita elfu moja na mia nne kwa Metro, nikafunga ncha moja kwenye nguzo ya mlango wa mkahawa, ncha nyingine nyuma ya pikapu. Saa nne asubuhi nikaanza kuzunguka mji kwa mwendo wa heshima, nikipita kwenye mashamba yaliyopumzishwa, Metro akinifuata nyuma na vigingi.

Baada ya mzunguko wa kwanza niliona kwamba niko karibu na mji kuliko nilivyoanza. Sikushtuka. Kitabu kinasema nyota za aina hii hupanuka na kusinyaa. Nikaona ni dalili njema, nyota inaanza kupumua.

Mzunguko wa pili nilijikuta napita nyuma ya posta. Wa tatu nilikuwa naendesha katikati ya mji, na watu wananipungia mikono yote miwili. Nami nikawapungia.

Kumbe kamba ilikuwa inajiviringisha. Ilikuwa imezunguka mlingoti wa kengele ya kanisa, pampu ya mafuta, na kamba ya nguo ya mama mkwe wa Metro pamoja na nguo zenyewe. Yule kindi wa saruji amepoteza sikio lililobaki. Sasa ni kiazi bila ubishi. Na mkahawa, kwa kuwa ndio kitovu, ulikuwa umefungwa mizunguko mitatu, mlango na madirisha, kama robota la nyasi.

Ndani: Darlene, wateja sita, na Lorne Tveit, aliyekuja kupeleleza kwa kisingizio cha pai.

Ilichukua dakika arobaini kuikata kamba, kwa sababu kila mtu mwenye kisu alikuwa ndani. Nilisimama dirishani nikiwapa moyo. Darlene aliwagawia kahawa huku akinitazama kupitia kioo. Na Lorne alikuwa amekaa kwenye kiti changu! Mbele yake kitabu changu, nilichokisahau kwenye kaunta. Akachukua kisu cha siagi, akaanza kuzibandua kurasa zenye jamu, moja moja, kwa utulivu wa daktari.

Halafu akasoma kwa sauti. Nilisikia hata nikiwa nje.

Ukurasa wa 62, enyi wanadamu! Kati ya nyota kumi, takribani tisa ni ndogo kuliko jua. Nyota zilizo nyingi kupita zote ni vinyota vyekundu hafifu ambavyo hata kuviona kwa macho matupu haiwezekani. Jua ni mkubwa katika ukoo wake. Na yale majitu kama Ibuti la Jauza ni machache mno, tena ni nyota zilizochoka, zimevimba kwa kukaribia mwisho wao.

Lorne alitoka anatabasamu, makombo kwenye masharubu. Akanishika bega. "Walter wangu," akasema, "kumbe nyota yako ni mzee tu aliyevimba."

Mji mzima ukatazama tumbo langu.

Jumatano, 23 Julai

Sasa Lorne amelewa sifa. Amejua jua lina hadhi, basi anataka lionekane. Janelle anasema amepata mashine ya kupulizia povu, lile la kuzibia kuta wakati wa baridi, na analivalisha tangi lake tabaka baada ya tabaka. Kufikia jioni: mita tano.

Mkahawani leo hakuna aliyesema nami ila Metro, naye alisema tu kwamba mama mkwe wake bado anatafuta soksi.

Nilikaa na karatasi yangu ya kufutia mdomo nikiwa na huzuni. Nikazidisha mita tano kwa mia saba, bila sababu, kama mtu anavyokuna mkono.

Elfu tatu na mia tano.

Ngoja kwanza. Nyota yetu inapimwa kwa jua lake. Jua lake likikua, nyota yetu inakua mara mia saba! Kila mita anayoiongeza Lorne kwa jasho lake inausogeza ukingo wetu mita mia tatu na hamsini kila upande, nami nimekaa nakula pai!

Ongeza, Lorne! Pulizia, ndugu yangu! Usichoke!

Alhamisi, 24 Julai

Hakuchoka. Leo saa sita mchana: mita sita.

Nyota: mita elfu nne na mia mbili. Kutoka mlango wa Darlene hadi ukingoni: elfu mbili na mia moja. Kutoka mlango wa Darlene hadi jua la Lorne, kwa mita ya pikapu yangu: elfu mbili kamili.

Nimerudia hesabu mara nne. Nimeinywea maji.

Nikachukua kigingi kimoja chenye utepe mwekundu, nikaenda Tolbeck, nikalipita jua, nikatembea hatua mia moja zaidi, nikakipigilia. Bahati mbaya hapo ni katikati ya bustani ya Lorne. Akaja mbio akiwa na povu hadi kwenye nyusi, akapiga kelele kwamba zile ni karoti zake. Nikamweleza taratibu, kama jirani, kwamba karoti zake, bustani yake na jua lake vyote sasa vimo ndani ya nyota ya Halvard, na kwamba akiongeza mita nyingine nitachukua na banda la kuku.

Nilimwona akihesabu vidoleni. Nilimwona akifika mwisho wa hesabu. Sijawahi kuona sura nzuri kama ile.

Saa kumi Janelle akapita mkahawani na habari: Lorne yuko juu ya ngazi na msumeno wa mkate, anakata povu. Anapunguza jua lake! Mapande ya njano yanapeperuka mashambani, na kunguru wanayakimbia.

Wateja walipiga makofi. Mtu mmoja alinilipia kahawa. Darlene peke yake hakupiga makofi. Akauliza, kwa hiyo sasa nyota yetu nayo imepungua? Nikamwambia ndiyo, lakini kwa ushindi.

Ijumaa, 25 Julai

Jua la Lorne sasa lina mita tano upande mmoja na nne na kidogo upande mwingine. Limekaa kama kiazi. Sasa kila mji una chake.

Nimeandika hotuba ya mkaguzi. Kurasa kumi na nane, pamoja na utangulizi kuhusu maisha yangu. Nilipeleka mkahawani ili Darlene asikilize. Akasema hawezi, anasafisha dirisha kubwa. Nikamwambia dirisha halimo kwenye mpango. Akasema najua, Walter.

Nilipokwenda stoo kumletea ngazi niliona maboksi matatu. Vikombe, vimefungwa kwa magazeti. Vile vya bluu, vya kila siku. Na kimoja juu kabisa kina mpasuko kwenye mkono. Hicho ndicho ninachonywea mimi. Alikuwa amekifunga kwa gazeti mara mbili.

Nilirudi nyumbani nikaongeza kurasa mbili.

Jumamosi, 26 Julai

Mkaguzi ni Bi. Verna Okemaw. Mfupi, viatu vya kazi, futi ya chuma kiunoni, fomu mkononi. Hana mchezo.

Alianzia Tolbeck. Nilifuata kwa mbali, nikiwa nimejificha nyuma ya gari langu mwenyewe. Akalipima jua pande tatu, akachukua wastani: mita nne na sentimita sitini. Akamuuliza Lorne choo cha wageni kiko wapi. Lorne akaonyesha shamba kwa mkono, kama mtu anayetoa zawadi. Bi. Okemaw akaandika.

Akaja kwetu. Mji mzima umesimama nje ya mkahawa, Metro amevaa tai. Bi. Okemaw akasema haya, nionyesheni hiyo nyota. Nikamwambia, "Mama, umo ndani yake."

Akatazama juu. Akatazama chini. Akatazama viatu vyake.

Nikaanza hotuba. Nilipofika ukurasa wa tatu upepo ulichukua zilizobaki, zikaenda kuelekea Tolbeck. Bi. Okemaw akasema bwana, naona kanola na naona upepo, na katika fomu yangu upepo hauna nafasi. Akauliza kama kuna choo.

Darlene akampeleka. Alipotoka, Darlene alikuwa amemwekea kiti kwenye lile dirisha kubwa, kahawa, na pai ya matunda ya porini, yale ya zambarau. Sisi wengine tulijibana mlangoni. Lorne naye, alikuwa ametufuata.

Darlene akaelekeza kwa uma. "Unaona kile kidoa cha njano kule mbali, mama, juu ya mashamba?"

Bi. Okemaw akasema anakiona. Si ndilo tangi alilotoka kulipima?

"Hilo ndilo jua. Na ule utepe mwekundu wa kwanza, huku kabla ya jua, ndio ukingo wa nyota hii nyingine. Ulipokaa ndipo katikati."

Uma wa Bi. Okemaw ukasimama. Akachukua tunda moja kwenye pai, akalinyanyua mbele ya kioo kwa mkono ulionyooka, akafumba jicho moja. Tunda likalifunika jua lote la Lorne, nguzo na ubao na kila kitu.

"Kutoka hapa mpaka kule?" akauliza.

"Na nyuma yetu umbali huohuo," akasema Darlene.

Bi. Okemaw akasema, kwa sauti isiyokuwa ya ofisini, kwamba shuleni waliwafundisha jua ni kubwa sana. Darlene akamwambia ni kubwa kweli, kati ya nyota kumi linazishinda tisa, hata Bwana Tveit pale mlangoni anaweza kukuthibitishia. Inategemea tu limekaa karibu na nani.

Bi. Okemaw akalila lile tunda. Akaandika muda mrefu. Kisha akatoa uamuzi. Jua bila nyota ni tangi la mafuta. Nyota bila jua ni upepo. Tolbeck wana cha kuona na hawana choo. Halvard tuna choo na hatuna cha kuona. Kibao kitakuwa kimoja, JUA NA NYOTA, chenye majina ya miji yote miwili na picha ya kikombe cha kahawa. Kamati itakuwa moja. Wenyeviti wawili: Bwana Tveit na Bwana Stadnyk.

Nikapinga! Nikasema hilo haliwezekani, kisayansi wala kibinadamu. Lorne naye akapinga, kwa maneno hayohayo. Lakini mama alikuwa tayari garini, na kipande cha pili cha pai kwenye karatasi.

Kila mtu alimpongeza Darlene kwa jinsi alivyousaidia mpango wangu.

Jumatatu, 28 Julai

Darlene hahami. Vikombe vimerudi kwenye rafu. Nilibahatika kuwepo, ilikuwa mara yangu ya tatu kwa leo.

Baada ya wateja kutoka alifanya kitu cha ajabu. Aliweka birika chini, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Darlene huwa hakai. Akaniuliza, kwa upole, kwa nini nimehangaika wiki mbili nzima, nikafunga mji kwa kamba na kumwondolea kindi sikio. Nilifanya yote yale kwa ajili ya nini hasa?

Nikaona hapa panahitaji jibu la uangalifu. Nikamwambia kwa ajili ya elimu ya nyota.

Akaniangalia. Akauliza, "Hilo tu, Walter?"

Nikafikiri vizuri. Sikutaka kuonekana mtu wa upande mmoja. Nikaongeza: na pai.

Akasimama. Akachukua sahani yangu, na kipande kilikuwa bado nusu. Akasema, kwa kaunta zaidi kuliko kwangu, kwamba wapo watu wanaoweza kukwambia nyota ina upana gani na hawajui wamekaa mbele ya nani.

Sijui alimaanisha nani. Pengine Lorne.

Kwa vyovyote, ni wazi kwamba sikumweleza vya kutosha. Anahitaji ushahidi mkubwa zaidi. Na bahati iko upande wangu: Lorne alibandua kurasa zote, na ukurasa wa 88 unataja nyota inayokadiriwa kulizidi jua kwa zaidi ya mara elfu mbili! Kwa tangi la Lorne ni kilomita tisa na ushei. Inameza Tolbeck, karoti, banda la kuku, na kile kibao cha bluu chenyewe kule barabara kuu. Kitovu hakibadiliki. Ni lazima kiwe mkahawa. Hilo sijadili na mtu.

Metro analeta kamba kesho saa nne, maelfu ya mita. Safari hii nimejifunza. Naifunga kwenye mlango wa nyuma.